Uvimbe uko ndani ya uti wa mgongo na bado anatembea: apasuliwe sasa au tusubiri?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mwanza, nimelifupisha: "Daktari, mdogo wangu wa kiume ana miaka 34, ni fundi cherehani. Ilianza shingo kuuma usiku, kama mwaka na nusu sasa, ikaja ganzi kwenye vidole, na siku hizi ndala inamvuka mguuni anatembea hatua kadhaa ndio anagundua. MRI imesema kuna uvimbe ndani ya uti wa mgongo kuanzia pingili ya nne ya shingo mpaka ya saba, na kuna maji juu na chini yake, wameandika inawezekana ni ependimoma. Daktari mmoja kasema apasuliwe, mwingine kasema akipasuliwa anaweza kupooza kwahiyo tusubiri kwanza maana bado anatembea. Mama hataki hata kusikia habari ya kisu. Tufanyeje?"

Dada pole sana, na mama mpe pole zangu. Nianze na jibu alafu ndio nieleze: kama hiyo MRI iko kama ulivyoandika, mimi ningempasua, na ningempasua kwa sababu ile ile mnayoitumia kusubiri, yaani kwa kuwa bado anatembea.

Tuelewane maneno kwanza maana hapa ndio watu wanapotezana. Ukisema uti wa mgongo mmoja anafikiria mifupa, mwingine anafikiria ile homa ya uti wa mgongo, na mwingine anajua ni diski imesogea. Mifupa mimi nitaiita pingili. Uti ni ile kamba laini nyeupe inayopita katikati ya pingili kutoka kwenye ubongo mpaka karibu na kiuno, hapo shingoni unene wake ni kama kidole chako kidogo cha mkono, na ndani ya huo unene zinapita amri zote za kwenda mikononi na miguuni na taarifa zote za kurudi juu. Uvimbe mwingi wa mgongo mnaousikia uko nje ya kamba, unaiminya tu kutoka pembeni, kuutoa huo ni kazi lakini sio kazi ya kututoa jasho sana. Wa mdogo wako umeota ndani ya kamba yenyewe. Hii aina ni adimu, ukikusanya uvimbe wote wa ubongo na uti huu wa ndani ni kama asilimia 2 mpaka 4 tu, ndio maana madaktari wawili wazuri wanaweza kukupa majibu mawili tofauti, mmoja labda kaona kumi na mwingine hajawahi kuuona kwa macho yake. Huyo aliyesema msubiri simlaumu, anaogopa kitu cha kweli.

Sasa ndani ya kamba kuna uvimbe wa namna tatu kubwa, na tofauti yake ndio inaamua kila kitu. Ependimoma, hii iliyoandikwa kwenye ripoti yenu, ndio inaongoza kwa watu wazima. Chukua kamba ya katani, ingiza harage katikati ya nyuzi zake. Nyuzi hazikatiki, zinasukumwa pembeni tu, na mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuzitenganisha akalitoa harage akaziachia zirudi. Ependimoma nyingi ziko hivyo. Astrositoma, ambayo ndio inaongoza kwa watoto, yenyewe ni kama rangi uliyomwaga kwenye kamba, imeingia katikati ya nyuzi na ukitaka kuitoa yote utakata na nyuzi. Hapo tunapunguza inayokubali kutoka, tunapata kinyama cha kupeleka patholojia, yaani maabara inayochunguza nyama ya uvimbe, na tunasimama. Ya tatu ni hemanjioblastoma, fundo la mishipa ya damu, hii haiguswi katikati kabisa, unazunguka pembeni yake ukifunga mishipa inayoilisha mmoja mmoja mpaka itoke nzima, ukiingia ndani yake umefungua bomba. Watu wengine wenye hii ya tatu wana ugonjwa wa kurithi unaoitwa von Hippel-Lindau, kwahiyo wao tunawachunguza mpaka macho na figo.

Hayo maji juu na chini ya uvimbe yanawatisha sana watu, wanadhani ndio uvimbe umesambaa. Hapana. Ni maji yaliyokusanyika ndani ya uti kwa sababu ya uvimbe, na sisi tukiyaona tunafurahi kidogo kimoyomoyo, maana mara nyingi yanaendana na uvimbe wenye mpaka unaoeleweka, na uvimbe ukitoka kwa kawaida yanapungua yenyewe bila kuwekewa mpira wowote.

Kabla ya kisu lakini, kuna kitu cha kwetu ambacho kwenye vitabu vya Ulaya kinapewa mstari mmoja tu. Mko Mwanza. Kichocho kinaweza kuingia kwenye uti na kwenye MRI kikaonekana kama uvimbe kabisa, na dawa yake ni prazikwanteli pamoja na steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe-maji, sio kisu. Kwa kawaida kinapiga sehemu ya chini ya uti karibu na kiuno, kinakuja kwa siku au wiki, na mkojo unaziba mapema. Wa kwenu uko shingoni na umekuja pole pole kwa mwaka na nusu, kwahiyo sidhani, lakini aulizwe kuhusu ziwa na apimwe choo na mkojo. Vivyo hivyo TB, inaweza kutengeneza fundo ndani ya uti, kwahiyo picha ya kifua, kipimo cha HIV, na vitamini B12 kwa sababu upungufu wake nao unaleta ganzi na kupoteza ndala. Na MRI iwe imepigwa kwa dawa ya kung'arisha, kama hawakumchoma dawa irudiwe, na wapige mgongo mzima sio shingo peke yake. Hivi vyote ni kazi ya siku chache, visigeuke sababu ya kusogeza mbele miezi mitatu.

Turudi kwenye kusubiri. Daktari wa upasuaji Paul McCormick na wenzake wa New York mwaka 1990 waliwapanga wagonjwa hawa kwenye ngazi nne, na mpaka leo ndio tunazitumia. Ya kwanza mtu anatembea vizuri, ana kasoro ndogo tu. Ya pili ana udhaifu au ganzi inayomsumbua ila bado anajitegemea. Ya tatu anahitaji fimbo au mtu wa kumshika, au mikono imedhoofika sana. Ya nne yuko kwenye kiti cha magurudumu au kitandani. Na kitu ambacho kila aliyefanya hii kazi muda mrefu atakwambia ni hiki: ngazi anayoingia nayo thieta ndio kwa sehemu kubwa ngazi atakayoishi nayo. Upasuaji huu unalinda kilichobaki. Kurudisha kilichokwisha kupotea, hapo usiniahidishe. Neva zilizominywa muda mrefu zinakufa, uvimbe ukitoka zinabaki zimekufa.

Nilikuwa na mgonjwa, mwalimu, alikuja kwangu akiwa ngazi ya pili kama mdogo wako, familia ikasema tunajadili. Wakajadili miezi 14. Walipoletwa tena alikuwa amebebwa mgongoni na kaka yake, mkojo unatoka kwa mpira, na kidonda makalioni. Tulipasua, uvimbe ulitoka wote, MRI ya baada ilikuwa safi kabisa mpaka wanafunzi waliipiga picha. Hajatembea mpaka leo. Mpaka kesho najiuliza kwanini sikumfuata kwa simu ile miezi 14, maana namba nilikuwa nayo.

Sasa kuhusu kupooza, maana ndio hofu ya mama, nisimfiche. Ngoja nieleze siku yenyewe ilivyo.

Analala kifudifudi, kichwa kimeshikwa na fremu yenye pini ili shingo isicheze hata kidogo. Nusu kaputi yake ni ya kupitia dripu na baada ya kuwekwa mpira wa kupumulia hapewi tena dawa ya kulegeza misuli, kwa sababu kuna mtu anakaa pembeni na kompyuta kazi yake ni kupiga umeme mdogo kichwani na kusoma misuli ya mikono na miguu inaitikiaje muda wote. Tunafungua pingili upande wa nyuma, tunafika kwenye ngozi ngumu inayofunika uti, tunaichana katikati, na hapo unauona uti umevimba, unadunda taratibu na mapigo ya moyo. Hadubini inasogezwa. Kutafuta katikati yake ni kazi peke yake, maana uvimbe unakuwa umeuzungusha uti na mstari wa kati hauko pale unapoutegemea, unahesabu mizizi ya neva kushoto na kulia ndio unaupata. Unafungua hapo milimita kwa milimita, unashika kingo na nyuzi nyembamba kuliko unywele, fundi cherehani angependa kuuona huo mshono. Alafu uvimbe unajitokeza, wa kijivujivu unaoelekea wekundu, laini. Tunaupunguza kutoka ndani na kifaa kinachouvunja kwa mawimbi ya sauti na kuunyonya, kinatoa mlio mmoja mkali ambao ukitoka thieta unaendelea kuusikia masikioni, ukishapungua ndio unaanza kuuchambua pembeni na nyuzi nzima za uti. Sehemu mbaya iko mwisho, upande wa mbele, pale ndio mishipa inayoulisha inatokea kwenye mshipa mkubwa wa mbele wa uti, na ule mshipa ukiuumiza ndio umemuumiza mtu kweli.

Zinaenda saa tano, sita, wakati mwingine zaidi. Na katikati ya hapo yule wa kompyuta anasema "inashuka". Ukisikia hivyo unatoa vifaa vyote, unamwagia maji ya chumvi ya uvuguvugu, unaomba wa nusu kaputi apandishe presha, na unakaa. Dakika kumi, dakika ishirini, mikono mapajani. Ikirudi unaendelea. Kuna kipimo kingine tunaweka waya juu ya uti wenyewe, kinaitwa wimbi la D, kama misuli imenyamaza lakini wimbi hilo halijashuka zaidi ya nusu, basi mara nyingi udhaifu atakaoamka nao ni wa muda. Likishuka zaidi ya asilimia 50 na lisirudi, hapo ni hatari ya kudumu na unatakiwa usimame hata kama kipande kimebaki. Mimi miaka yangu ya mwanzo niliwahi kukifuata kipande cha mwisho wakati wameshaniambia inashuka, nilikitoa, na yule kijana anavuta mguu wa kulia mpaka leo. Ependimoma nzuri inakufanya uwe na tamaa, ndio ubaya wake.

Kuna hadithi naipenda kwenye hii kazi. Mjini Vienna mwaka 1907 daktari wa upasuaji Anton von Eiselsberg alifanikiwa kutoa uvimbe wa ndani ya uti, wakati ambao hakuna hadubini wala MRI. Alafu mwaka 1911 Charles Elsberg wa New York akaandika njia yake ya kupasua mara mbili: siku ya kwanza anachana uti kidogo pale juu ya uvimbe, anaacha, anamfunga mgonjwa, baada ya wiki anarudi anakuta uti wenyewe umeusukuma uvimbe nje, anaumalizia. Leo hatufanyi hivyo lakini nawaambiaga wanafunzi, huyu mzee aliuachia uti ufanye kazi kwa sababu alijua mikono yake ina mwisho.

Haya, amezinduka. Msitegemee ataamka yuko vile alivyoingia, na hili mama aambiwe KABLA, sio akiwa kwenye korido ya ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Wengi sana wanaamka wako chini kidogo kuliko walivyokuwa. Tumepita katikati ya njia za nyuma za uti ambazo zinaleta taarifa ya mguu uko wapi, kwahiyo atasema miguu sio yake, atatembea kama anakanyaga godoro, akifumba macho atayumba, na anaweza kusikia kama kuna mkanda umemfunga kifuani. Nguvu nayo inaweza kupungua. Sehemu kubwa ya hayo inarudi kwa wiki na miezi, naangalia sana miezi mitatu mpaka sita ya kwanza, na wengine wanaendelea kupata nafuu mpaka mwaka. Kinachobaki mara nyingi ni ganzi na maumivu ya kuungua ungua, hayo hayaui lakini yanachosha, tunayapunguza kwa dawa kama pregabalini au amitriptilini. Kwa fundi cherehani nitasema ukweli, kutunga uzi kwenye sindano inaweza isirudi kama zamani, kwa sababu vidole vyake vimeshaanza ganzi hata kabla ya sisi kumgusa. Mashine ataendesha.

Kupooza moja kwa moja kunatokea, nisikudanganye kwamba hakutokei. Ila kwa mtu anayeingia anatembea, uvimbe wenye mpaka, na mikono iliyozoea, ndio matokeo ya wachache. Ukikaa bila kufanya kitu na ependimoma inayokua, kupooza ndiko inakoelekea, tofauti ni kwamba haina tarehe. Mengine ya kujua ni maji ya uti kuvuja kwenye kidonda, maambukizi, na shingo kupinda mbele baadae hasa kwa watoto, ndio maana wengine tunarudishia pingili mahali pake badala ya kuzitupa.

Baada ya hapo jibu la patholojia. Ikiwa ependimoma ya kawaida na imetoka yote, hahitaji mionzi, anahitaji MRI tu, ya kwanza karibuni, alafu kila mwaka, na msije mkaacha mwaka wa tano mkisema kapona maana huu uvimbe una uvumilivu, unaweza kurudi hata baada ya miaka kumi. Ukibaki kipande, hapo kuna mjadala wa kumfuatilia au mionzi. Ikiwa astrositoma ya daraja la chini mtu anaweza kuishi miaka mingi nayo, ila ya daraja la juu, nasikitika, kisu wala mionzi havijaibadilisha sana, wengi tunawahesabia miezi au mwaka na kidogo. Kuna mtu lazima atawashauri apigwe mionzi kwanza bila kupasua ili mkwepe kisu. Kwa huyu msikubali, mtakuwa mmechoma kitu ambacho hamjui jina lake, na ikishindikana kupasua mahali palipochomwa ni pagumu mara mbili.

Wapi sasa. Sio lazima India, ingawa najua ndugu wa Dar wameshaanza kuwatajia hospitali za huko. Bugando pale pale kwenu aonwe akapewe rufaa, MOI pale Muhimbili ndio taasisi ya taifa ya mifupa na mishipa ya fahamu, mionzi ikihitajika kuna Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Mimi nisingeuliza nchi, ningemuuliza daktari usoni: uvimbe wa NDANI ya uti umeshafanya mingapi, na walikuaje baada ya miezi sita? Hadubini ipo na inafanya kazi wiki hii? Mashine ya kufuatilia neva ipo pamoja na mtu wa kuisoma? Cha kuvunjia uvimbe kwa mawimbi ya sauti? Kitanda cha ICU? Daktari mzuri hakasiriki kwa haya maswali. Akisema hii bora umpeleke kwa fulani, huyo mshukuruni sana. Na bima muulize mapema inalipa nini na nini, maana kadi inaweza kulipia kitanda ikagoma kwenye vifaa, na mje mkajua siku ya thieta.

Mawili ya haraka. Kama kapewa deksamethasoni, ambayo ni moja ya zile steroidi, anaweza kuamka kesho yake mikono imechangamka, familia ikaimba aleluya ikafuta tarehe ya upasuaji. Dawa imepunguza uvimbe-maji pembeni tu, uvimbe wenyewe upo pale pale, na dawa ikiisha mnarudi mlipokuwa, tena msiikatishe ghafla bila kuambiwa. Na tafadhali asikandwe shingo, asivutwe, asinyongwe na mtu yeyote anayejiita fundi wa viungo. Mkojo ukikataa kutoka, miguu ikidhoofika ndani ya siku mbili tatu, au akianza kupumua kwa shida, hiyo sio ya kusubiri kliniki ya Jumatatu, nendeni usiku huo huo.

Leo jioni chukua simu umrekodi. Akitembea kutoka mlangoni mpaka barabarani na kurudi, akisimama miguu pamoja macho yamefumba (mtu awe karibu amdake), akifunga vifungo vya shati, akitunga uzi kwenye sindano. Wiki mbili zijazo mrekodi tena hivyo hivyo, sehemu ile ile, ndala zile zile. Siku ya kumuona daktari nendeni na video zote mbili pamoja na CD ya MRI, sio ile karatasi ya ripoti peke yake, na mama nae muende nae, aone video ya kwanza alafu ya pili.